Majani yana vidoti, yanapauka, dawa haisaidii: jinsi ya kujua kama ni utitiri na kwanini hawaishi

Wadau, kabla hujanunua dawa yoyote geuza jani kwanza. Nasema hivi sababu wengi tunaangalia juu ya jani tu, tunaona limepauka, tunasema ni njaa ya mbolea, tunaweka mbolea, hola, tunasema basi ni wadudu, tunapiga dawa ya wadudu, wiki mbili baadae shamba limekuwa baya kuliko mwanzo na hapo ndo lawama zinaanza kwamba dawa feki. Saa ingine dawa ni feki kweli. Ila mara nyingi kilichopo ni utitiri, na utitiri sio mdudu wa kawaida, ana miguu minane, ni ukoo mmoja na buibui na kupe, na dawa nyingi za kuua wadudu zinamuacha anadunda huku zikimmalizia maadui zake. Hilo ndo chimbuko la nusu ya malalamiko yote.

Mkubwa kabisa ana kama nusu milimita, kwaiyo usitegemee kumuona ukiwa umesimama. Na usisubiri rangi nyekundu. Yule anayesumbua sehemu nyingi zaidi duniani, Tetranychus urticae, mara nyingi ni wa kijani mpauko au njano njano hivi na ana madoa mawili meusi ubavuni, na amekutwa kwenye aina zaidi ya 1,000 za mimea, maharage, nyanya, matango, mapapai, mawaridi, stroberi, we taja tu. Yule mwekundu wa nyanya ni mwingine, Tetranychus evansi, asili yake Amerika Kusini, huyu anapenda sana ukoo wa nyanya, biringanya na mnavu. Watu wanasema "mimi sina utitiri, sijaona wekundu", kumbe wamejaa wale wa kijani.

Jinsi ya kuhakikisha

Karatasi nyeupe. Iweke chini ya tawi, gonga tawi mara mbili tatu, alafu tulia kidogo uangalie. Vumbi halitembei. Ukiona vidoti vinaanza kujikokota basi unao, na ukivipitishia kidole vinaacha mchirizi. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha, hata kamera ya simu ukizumu vizuri unawaona. Anza na majani ya chini yaliyokomaa, upande wa chini wa jani, pembeni ya mshipa mkubwa wa katikati, na anza na mimea ya ukingoni, hasa upande unaopata vumbi au upande upepo unakotokea. Kwenye muhogo geuza utaratibu, utitiri wa kijani wa muhogo anakaa kileleni kwenye majani machanga, ukikagua ya chini utasema shamba lako safi.

Chini ya jani utaona vitu vitatu: wazima wanaotembea, mayai ya mviringo kabisa yanayopitisha mwanga, na magamba meupe ambayo ni ngozi walizojivua. Magamba peke yake bila wazima wala mayai maana ake vita ilishapita. Watu wengi wanapigia dawa magamba.

Vidoti vidogo vya njano au vyeupe juu ya jani

Utitiri anachoma seli moja moja anafyonza kilichomo pamoja na ile kijani, seli inabaki tupu, ndo hicho kidoti. Vikiwa vichache huvioni, vikishakuwa mamia jani linaonekana kama limenyunyiziwa unga, alafu linaanza kupauka lote. Alama ya utitiri ni kwamba vidoti ni vidogo sana na vimeanza kujikusanya karibu na mshipa au pale jani linaposhikana na kikonyo.

Ila sio kila kidoti ni utitiri. Kama badala ya vidoti una mabaka ya rangi ya fedha yanayong'aa na juu yake kuna vinukta vyeusi vya kinyesi, hao ni thiripi, wadudu wadogo wembamba. Kama vidoti ni vikubwa zaidi na ukitikisa mmea kuna vitu vinaruka, hao ni vipanzi wa majani. Kama kwenye majani kumejaa jasho linalonata na juu yake kuna masizi meusi basi tafuta vidukari au inzi weupe, utitiri hatoi ule utomvu wa kunata. Na kama hakuna vidoti kabisa, jani ni la njano katikati ya mishipa lakini mishipa yenyewe imebaki kijani, na imeanzia majani ya chini, hapo fikiria magnesiamu kwanza. Upungufu wa chakula unakuja kwa mpangilio, upande wa kushoto wa jani unafanana na wa kulia. Utitiri hana mpangilio huo, anakula alipofikia.

Kitu ambacho wengi hawajui na kinawapotezea hela: vidoti haviponi. Ile seli imekufa, hata ukiua kila utitiri shambani jani litabaki hivyo hivyo mpaka lidondoke. Kwaiyo mtu amepiga dawa, imefanya kazi vizuri tu, anaangalia jani lile lile bado lina vidoti, anapiga tena, anabadilisha dawa, anapiga tena. Angalia majani yaliyotoka baada ya dawa. Yakiwa safi umeshinda.

Kuna utando

Kwanza tofautisha. Utando wa buibui mwenyewe una nyuzi ndefu, buibui ni mmoja na majani ni mazima, huyo muache anakusaidia. Utando wa utitiri ni laini sana, umefunika chini ya jani au umeunganisha jani na kikonyo, na una vitu vidogo vidogo vimening'inia ndani, vingine vinatembea. Nyunyiza maji kidogo kwa hewa utauona vizuri.

Ukishauona utando ujue umechelewa, sio kwamba hakuna la kufanya lakini hapo idadi ni kubwa na wanajiandaa kuhama. Wakizidiwa wanapanda vileleni kwenye ncha za majani na kujiachia na upepo, ndo maana unakuta shamba zima limeambukizwa kuanzia mmea mmoja. Alafu utando unazuia dawa, matone yanabaki juu ya nyuzi hayafiki kwenye jani. Kwaiyo kata majani yaliyoharibika zaidi, yatie kwenye mfuko moja kwa moja pale pale usiyaburuze katikati ya mistari, alafu osha kwa maji yenye nguvu uvunje utando, yakikauka ndo upige dawa. Mmea ambao umeshakuwa wa kahawia wote ng'oa. Inauma lakini ule mmea mmoja ni kiwanda.

Majani au shina linageuka rangi ya shaba ila sioni utando wala kitu chochote

Hapa kwenye nyanya watu wanadanganyika sana. Kama rangi ya shaba imeanzia shina la chini na inapanda juu kidogo kidogo, majani ya chini yanakauka kama yamebabuka, hakuna utando, na kwa lenzi ya kawaida huoni kitu, shuku utitiri wa kutu wa nyanya, Aculops lycopersici. Huyu ana kama robo ya milimita hata hafiki, mwili mrefu mwembamba, miguu minne tu, na haongei lugha moja na wale wengine kwenye dawa, salfa inamuweza vizuri wakati kwa utitiri wenye utando salfa saa ingine ni ya kubahatisha. Wengi wanadhani ni bakajani au kiu ya maji. Kiu haianzii kwenye shina.

Vilele vimejikunja, majani machanga magumu na yamesinyaa

Huyo mara nyingi sio utitiri wa utando, ni utitiri mpana, Polyphagotarsonemus latus, anapenda pilipili, pilipili hoho, chai, ndimu na wenzake, anakaa kwenye kilele na mate yake yanaharibu ukuaji, jani linatoka jembamba limepinda na chini linakuwa na rangi ya kahawia inayong'aa, matunda yanatoka na makovu. Anafanana sana na madhara ya dawa ya magugu iliyopeperuka, na anafanana na virusi. Jinsi ya kutenganisha: dawa ya magugu inashika mimea mingi kwa mkupuo mmoja na hata magugu ya jirani yamepinda, wakati utitiri mpana anaanza na mimea michache anatambaa. Virusi hata ukiua kila kitu majani mapya yanaendelea kutoka yamepinda, utitiri mpana ukimmaliza, baada ya wiki kadhaa kilele kinatoka kizuri. Inzi weupe wanambeba miguuni, kwaiyo ukiwa nao wengi usishangae.

Nimepiga dawa, walipotea, wiki moja baadae wamerudi

Hawakurudi, walikuwepo. Dawa nyingi zinaua wanaotembea na kuacha mayai, na kuna hatua katikati ya ukuaji ambapo utitiri anatulia kabisa hali chochote kabla ya kujivua ngozi, akiwa hapo dawa ya kuliwa haimgusi. Sasa piga hesabu: kwenye joto la nyuzi 30 yai linaweza kuwa mkubwa anayetaga ndani ya kama wiki moja, kwenye nyuzi 20 ni wiki mbili na zaidi. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 100 au zaidi maishani mwake. Na balaa lenyewe, jike asiyepandwa anataga pia, ila yanatoka madume tu, alafu anaweza kupandwa na hao hao watoto wake na kuanza kutaga majike. Kwaiyo akibaki mmoja inatosha.

Ndo maana kupiga mara moja hakusaidii. Kipindi cha joto rudia baada ya siku 5 mpaka 7, kipindi cha baridi unaweza kuvuta mpaka 10, ila lebo ya dawa yako ndo inayoamua, zingine zimewekewa idadi ya kupiga kwa msimu na usizidishe.

Sababu ya pili ni pampu. Mtu anatembea mistari anamwagia juu ya majani, chini hakuna tone. Geuza nozo iangalie juu, piga kuanzia chini ya mmea kupanda, tumia maji ya kutosha mpaka chini ya jani paloane. Ukitaka kujipima funga karatasi ndogo chini ya majani kadhaa, piga dawa, kagua karatasi. Wengi wakifanya hivi wananyamaza. Dawa ya abamektini ina afadhali hapa sababu inapenya kutoka upande mmoja wa jani kwenda wa pili, lakini haihami kwenda kwenye majani mapya yatakayoota, kwaiyo sio ruhusa ya kupiga ovyo.

Sababu ya tatu ni usugu. Huyu T. urticae anaongoza kwa kuzoea sumu, usugu wake umeripotiwa kwa viambato zaidi ya 90. Ukipiga dawa ile ile mfululizo unabakisha wale sugu tu na wao ndo wanazaana. Kuongeza kipimo hakutibu hilo, unaunguza majani na unajidhuru. Badilisha kundi, yani namna dawa inavyoua, na hapa angalia sana, sio jina la chupa. Chupa tatu za majina matatu tofauti zinaweza kuwa na abamektini zote, hapo hujabadilisha kitu. Soma kiambato na namba ya kundi kwenye lebo: abamektini ni kundi la 6, heksithiazoksi ni 10, spiromesifeni ni 23, fenpiroksimeti ni 21, bifenazeti ni 20. Ukipiga 6 leo, mzunguko unaofuata nenda namba nyingine. Na ujue kila moja inaua nani, heksithiazoksi inashughulika na mayai na watoto, wakubwa haiwaui, sasa ukiipiga wakati shamba limejaa wakubwa utasema umeibiwa. Hiyo ni ya mwanzo mwanzo idadi ikiwa ndogo, au inafuata baada ya dawa iliyoangusha wakubwa.

Nimepiga dawa na wameongezeka

Hili swali linaulizwa kwa mshangao kila mara na jibu lake ni kwamba dawa yenyewe ndo imewaongeza. Kwenye jani hilo hilo kuna utitiri wazuri wanaokula wabaya, kuna mbawakawa weusi wadogo sana wa ukoo wa Stethorus ambao kazi yao ni kula utitiri tu, kuna watoto wa thiripi wawindaji. Ukipiga pairethroidi, au kabarili, unafagia hao wote, utitiri wabaya wengi wanabaki, sasa wana jani bure na hakuna polisi. Imidaklopridi nayo imeshaonekana kwenye mimea kadhaa kwamba baada ya kuitumia utitiri wanalipuka. Kwaiyo kama ulipiga dawa ya viwavi au inzi weupe wiki mbili tatu zilizopita na sasa una utitiri, unganisha matukio. Hapo tiba ya kwanza ni kuacha hiyo dawa.

Vitu vingine vinavyowaongeza: naitrojeni nyingi, jani laini lenye protini kwao ni sherehe, kwaiyo ile tabia ya kumwaga urea ukiona jani limepauka inamlisha adui. Kiu ya mmea pamoja na hewa kavu. Na vumbi, mimea ya kando ya barabara ya vumbi inaanza kupata siku zote, kumwagia maji njia peke yake kunapunguza shida.

Kabla hujaua kila kinachotembea jifunze kumtambua utitiri mzuri. Mbaya anajikokota, mzuri anakimbia. Mzuri mwili wake umechongoka mbele, unang'aa, na yai lake ni refu kidogo la umbo la yai la kuku wakati la mbaya ni duara kamili. Maarufu ni Phytoseiulus persimilis, rangi ya machungwa, anauzwa kwa wakulima wa mabanda ya kioo na nailoni, yeye hali kitu kingine zaidi ya utitiri wa utando, ila anataka unyevu wa hewa, chini ya asilimia 60 mayai yake yanapata shida kuanguliwa. Na hamuwezi vizuri yule mwekundu wa nyanya T. evansi, kwaiyo jua una nani kabla hujaagiza. Kwenye muhogo hii njia ilifanya kazi kubwa kweli: utitiri wa kijani aliingia Afrika akaonekana Uganda 1971, akasambaa ukanda mzima wa muhogo, mwaka 1993 utitiri mwindaji kutoka Brazil, Typhlodromalus aripo, akaachiwa Benin, anakaa kileleni kule kule adui alipo, akasambaa mwenyewe nchi nyingi. Hakuna mkulima aliyebeba pampu kwa hilo.

Natumia sabuni na mafuta, hayafanyi kitu au yameunguza majani

Sabuni inafanya kazi ila inaua anayeloana tu, ikikauka imeisha, kwaiyo chini ya jani tena, na kurudia. Kipimo cha sabuni ya mimea ni asilimia 1 mpaka 2, yani mililita 10 hadi 20 kwa lita ya maji. Sabuni ya unga ya kufulia na zile za vyombo zenye kukata mafuta sana zinaondoa nta ya jani, hapo ndo linaungua. Jaribu kwenye majani machache usubiri siku mbili. Usipige jua kali, usipige mmea wenye kiu, mwagilia kwanza. Mafuta ya mwarobaini sheria ni hizo hizo, na yanazuia mayai kupumua kwaiyo yana faida sabuni haina.

Salfa usiichanganye na mafuta na usivifuatanishe, acha angalau wiki mbili kati yao. Kwenye joto la juu ya nyuzi 32 salfa inababua, na jamii ya matango zingine haziipendi hata kwenye ubaridi. Maji ya tumbaku mimi siyashauri kabisa, nikotini ni sumu kwako pia na tumbaku inaweza kubeba virusi vya mozeki ukavipeleka kwenye nyanya mwenyewe.

Maji matupu watu wanayadharau. Kwa bustani ndogo au mimea ya ndani, kurusha maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi, kila baada ya siku mbili tatu kwa wiki mbili, kunaangusha wengi sana na kunavunja utando, na hakujawahi kutengeneza usugu. Miche michanga usiipige kwa nguvu hivyo, itavunjika.

Nimeng'oa zao lote, nimepanda upya, wapo tena

Walikuwa wamejificha. Kagua magugu ya pembeni, mnavu hasa kama una T. evansi. Kagua miche kabla haijaingia shambani, hii ni njia kubwa wanayoingilia. Kagua vijiti na kamba za kufungia nyanya za msimu uliopita, wanajibanza kwenye nyufa, loweka maji ya moto au tupa kamba. Kwenye banda ondoa masalia yote siku hiyo hiyo na uache banda tupu bila hata jani moja la gugu, wakikosa chakula kwenye joto hawadumu muda mrefu. Ila sehemu za baridi kali kuna majike yanageuka rangi ya machungwa na kulala kwenye mbao na nguzo msimu mzima bila kula, huko banda tupu peke yake halitoshi, lazima uoshe mpaka nguzo. Na wewe mwenyewe, nguo na mikono, anza kazi kwenye mimea safi umalizie kwenye iliyoshambuliwa, usifanye kinyume.

Kama zao limebakiza wiki chache kuvunwa na utitiri ndo wanaanza majani ya chini, mimi nisingepiga kitu. Ningekata hayo majani ya chini, ningeongeza maji, na ningesoma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna, maana mara nyingi ukizihesabu unakuta dawa ingeruhusu kuvuna wakati zao limeshaisha.